Tairi la Theluji

Theluji sijapata kuiona ila kwa mbali, juu ya kilele cha Kilimanjaro, asubuhi moja nilipokuwa Moshi na mawingu yakajitenga kwa muda usiozidi wa kunywa kikombe cha chai. Hata hivyo, kwa miezi kumi na mitano nilikuwa nikienda kazini na kurudi, baina ya Mbagala Kizuiani na Chang'ombe, juu ya matairi manne yaliyoundwa kwa ajili ya theluji. Sikuwa nikijua. Na katika buti la gari hiyo hiyo, chini ya zulia lililokwisha kupauka, nilikuwa nimebeba gurudumu la tano, la akiba, ambalo halikuwa limegusa ardhi tangu lilipotoka kiwandani. Habari ya matairi hayo matano ndiyo ninayotaka kumsimulia msomaji, kwa kuwa yalinikosesha jambo ambalo halina kadha wala fidia.

Gari yenyewe ilikuwa Toyota Corolla ya mwaka 1997, iliyoshuka bandarini Dar es Salaam kama zishukavyo nyingi, ikiwa imekwisha kuwatumikia watu wengine huko Japani. Mimi ni mtu wa Unguja niliyehamia bara kwa ajili ya ualimu, na gari kwangu ilikuwa kama ngalawa kwa mtu asiye mvuvi: maadamu inaelea, haina swali. Mwezi wa Novemba 2007 askari wa usalama barabarani alinisimamisha Mtoni kwa Azizi Ali, akapitisha kiganja juu ya tairi la mbele kama mtu apapasaye kichwa cha mtoto aliyenyolewa, akatikisa kichwa chake. Yalikuwa vipara, na askari alikuwa na haki yake. Jumamosi iliyofuata nikaenda Tandika.

Aijuaye Tandika ataikumbuka ile minara ya matairi iliyosimama mbele ya vibanda, tairi juu ya tairi, yamepakwa rangi nyeusi yakang'aa kama halua iliyoepuliwa sasa hivi. Muuzaji alinitazama, akaitazama gari, akateremsha moja.

"Haya ya Japani, sheikh wangu. Kashata yote ipo. Pitisha kidole mwenyewe."

Nikapitisha kidole. Matairi niliyoyazoea yana mifereji minne au mitano mipana, basi. Hili lilikuwa limechanjwa mikato midogo midogo, membamba kama iliyopitishwa wembe, ikienda upogoupogo kutoka ukingo hadi ukingo, kila pande la mpira na chanjo zake. Nilikumbuka kofia za viua ambazo shangazi yangu alikuwa akizishona barazani, mwezi mzima kwa kofia moja. Niseme kweli: nililipenda tairi lile kwa uzuri wake. Sikuuliza lilitengenezwa lini wala kwa kazi gani. Namba za ukubwa nilizijua, 175/70 R13, yaani upana wa milimita 175, kimo cha ubavu ambacho ni asilimia 70 ya upana huo, na rimu ya inchi 13. Nikadhani huo ndio usomaji wote wa tairi, kama mtoto aliyekwisha kuijua alifu na be akadhani amehitimu. Ubavuni palikuwa na neno STUDLESS kwa herufi kubwa. Nilidhani ni jina la tairi, na muuzaji naye, ninavyoamini, alidhani hivyo hivyo.

"Na spea je?" aliniuliza. Tukafungua buti, tukafunua zulia. Akacheka. "Spea yako mpya hii, bado ina vinyweleo!" Ni kweli, vile vijinyuzi vya mpira vinavyobaki tairi linapotolewa katika kalibu vilikuwa vimesimama vyote. Tukaifunika tena. Nikalipa chini ya nusu ya bei ya matairi mapya, nikaondoka nikijiona mtu mwerevu.

Niliyoyajua baadaye ni haya. Katika Japani, hasa kisiwa cha Hokkaido na mikoa ya kaskazini ya Honshu, mwenye gari huwa na seti mbili za matairi, ya kiangazi na ya theluji, na huyabadilisha mara mbili kwa mwaka kama sisi tunavyogeuza tanga kwa kaskazi na kusi. Zamani matairi yao ya theluji yalikuwa na misumari ya chuma. Misumari ile ilichimbua lami, na miji kama Sendai ikajaa vumbi lake hata watu wakalalamikia vifua vyao; mwaka 1990 ikapitishwa sheria ya kuyazuia. Ndipo yakaenea matairi yasiyo na misumari, na hiyo ndiyo maana ya lile neno nililolidhania jina. Badala ya chuma, kazi ya kushika barafu ikaachiwa ulaini wa mpira na zile chanjo nyingi. Bridgestone ilikuwa imekwisha kuanza kuuza la kwake, Blizzak, tangu mwaka 1988, nalo mpira wake una vitundu vidogo vidogo ndani kama mkate wa kumimina. Yangu yalikuwa ya kiwanda kingine, na kiwanda hicho sikilaumu, kwani kilitengeneza kitu kizuri kwa mahali pake.

Mpira wa tairi la kawaida, baridi ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi, huanza kukakamaa, na barafuni huteleza. Huu wa theluji hubaki mlaini. Basi mpira unaobaki mlaini juu ya barafu, lami ya Barabara ya Kilwa saa nane za mchana wa Februari itaufanya nini? Hupata moto upesi, hulika kama sabuni, na gari huyumba kwenye kona kwa sababu yale mapande yaliyochanjwa hulala huku na huku kama majani. Kuyumba huko nilikusikia tangu wiki ya kwanza, nikadhani ndiyo starehe ya matairi mazuri.

Tena wenyewe wana alama yao. Katikati ya mifereji huwekwa vinundu ambavyo hutokeza mpira unapokuwa umelika nusu. Vikishatokeza, kwa mtu wa Sapporo tairi limekwisha kazi ya theluji, hata kama kwa macho bado linapendeza. Hapo huvuliwa na kuuzwa. Nusu ile iliyobaki, ambayo kwake ni makapi, ndiyo iliyonifurahisha mimi Tandika.

Jambo linalonistaajabisha zaidi ni kwamba ulaini huo, kwa sehemu kubwa, unatokana na mpira wa asili, na mpira wa asili hauoti penye baridi. Sisi wa visiwani mti huo tunauona. Apitaye katika mashamba ya mipira ya Kichwele au Machui huona vikombe vilivyofungwa mashinani, vikipokea maziwa ya mti tone kwa tone chini ya mkato wa mshazari. Na kabla mti huo wa asili ya Brazili haujapandwa kwetu, watu wa mwambao walikuwa wakikusanya mpira wa mwituni, utomvu wa mitambaazi iliyo jamaa ya mbungo, mbungo huu huu ambao matunda yake tunayakamulia sharubati. Mmoja katika mitambaazi hiyo wataalamu wameupa jina la John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza Unguja katika karne ya 19: Landolphia kirkii. Mpira huo ulipita forodhani kwetu pamoja na pembe na karafuu, na sehemu yake ilitoka pwani ya kusini, Kilwa na Lindi. Kwa hiyo mti usioijua baridi hutoa maziwa yake, maziwa huvuka bahari, huko hufundishwa kutembea juu ya barafu, na uzee ukiyafika hurudishwa kwenye jua yalikotoka, nalo jua haliyatambui.

Hapa sina budi kumtaja ami yangu, maana ndiye mwenye habari hii kuliko mimi.

Baba yangu alifariki nikiwa na miaka sita, na ami ndiye aliyenilea. Alikuwa mzaliwa wa Kilwa Kivinje, na ujana wake ulipita katika majahazi yaliyopakia boriti za mikoko katika delta ya Rufiji na kuzipeleka Arabuni. Alipoacha bahari alikaa Unguja miaka mingi, kisha uzeeni akarudi Kivinje, akisema anataka kufia mahali ambapo watu wanamwita kwa jina lake la utotoni. Mashairi alikuwa nayo mengi kichwani, mengine ya watu na mengine yake, na hakuandika hata moja. Alisema karatasi inaoza. Katika hadithi zake za baharini moja aliirudia mara kwa mara. Jahazi lao lilikuwa na tanga la akiba, limekunjwa chini pamoja na kamba za henza za akiba. Kila baada ya muda, bahari ikiwa shwari, nahodha aliamuru litolewe, likunjuliwe, lianikwe juu ya foromali kama kwamba litatumika, na kamba zipitishwe mikononi pima kwa pima. Vijana walinung'unika, kwani ilikuwa kazi nzito isiyo na faida ya kuonekana. Lakini panya na unyevu, alisema ami, huanza na kile kisichotumika.

Nilikuwa naijua hadithi hiyo kwa moyo. Niliwahi hata kuwasimulia wanafunzi wangu kama mfano wa masimulizi ya mabaharia. Nilipofunua lile zulia Tandika na kuona vinyweleo, haikunijia.

Huko India, niseme kwa kupita, gurudumu la akiba mpaka leo huitwa stepni, na asili ya neno hilo ni mtaa wa Stepney katika mji wa Llanelli, Wales, ambako mwaka 1904 ndugu wawili walianza kutengeneza gurudumu la kubeba safarini. Kabla ya hapo tairi likitoboka dereva aliliziba palepale barabarani. Mitaa ya Dar es Salaam nayo imelipa neno spea maana yake nyingine, ya mpenzi wa pembeni, anayekumbukwa siku ya dhiki tu. Walioliteua neno hilo waliijua vizuri tabia ya wenye magari.

Basi ilikuwa Jumatano moja ya Februari 2009. Saa kumi na moja alfajiri simu ililia, na sauti ilikuwa ya mtoto wa ami.

"Kaka, mzee ametutoka."

Nikasema yasemwayo. Kisha akaniambia kwamba mzee aliusia nimwoshe mimi. Hakutaka mwosha wa mjini. Alisema mtoto aliyemwogesha kisimani ndiye atakayemwogesha naye. "Tutakungoja mpaka Alasiri, kaka. Zaidi ya hapo joto hili halituruhusu."

Kutoka Mbagala hadi Kilwa Kivinje ni kiasi cha kilomita 300. Niliondoka saa moja na robo, baada ya kutafuta pesa za mafuta kwa jirani, nikihesabu kwamba saa saba au saa nane nitakuwa nimefika, hata kwa ubaya wa njia. Kongowe, Vikindu, Mkuranga: njia ilikuwa nyeupe na wazi. Nilikwenda mbio kuliko desturi yangu. Gari iliyumba, nami nikaongeza mwendo.

Baada ya Kibiti, ilipopata saa nne na nusu, nilisikia mlio kama wa kitambaa kinachochanwa, ukarefuka, kisha mshindo. Gari ilivuta kushoto, nikaishika, ikasimama ukingoni mwa mikorosho. Tairi la nyuma lilikuwa limevuliwa ngozi: kashata yote ilibanduka kama ganda la muwa na kubaki nyuma barabarani, na waya za chuma zilikuwa nje zimesimama. Nililigusa likaniunguza. Zile chanjo zilizonifurahisha zilikuwa zimekwisha kulika hata hazionekani, ila upande mmoja.

Sikuhuzunika, kwa kuwa nilikuwa na spea. Nikaweka jeki, nikafungua nati, nikalitoa gurudumu la akiba kutoka butini, likatoka jeusi, limejaa, na vinyweleo vyake. Nikasema alhamdulillahi kwa sauti. Upepo wake ulikuwa haba, lakini ulitosha kunifikisha Ikwiriri, na hapo fundi pancha, mzee mwenye kilemba cha taulo, akalijaza. Alipomaliza hakunyanyuka. Aliinama akapitisha ukucha ubavuni.

"Mwalimu," alisema, kwani nilikuwa nimekwisha kumweleza nilikotoka na niendako, "tairi hili la zamani. Tazama."

Nikatazama. Palikuwa na nyufa nyembamba, nyingi, zimezunguka ubavu mzima, kama za chungu kilichokaa juani. Nikamwambia halijatumika hata siku moja. Akasema ndiyo, anaona. Akaniuliza kama ana ruhusa ya kunitafutia jingine. Akatuma kijana, kijana akarudi na habari kwamba yapo ya inchi 14 na 15, ya 13 hakuna. Akanishauri niiache gari kwake nisubiri basi la Lindi. Basi lilikuwa limekwisha kupita, na jingine hakuna aliyejua lini. Nilitazama saa. Nilimwona mzee yule, Mwenyezi Mungu anisamehe, kama mtu anayenichelewesha.

Nikavuka Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003 juu ya Rufiji, refu kukaribia kilomita moja. Ami alikuwa akilisifu daraja hilo. Zamani za kivuko, alisema, mtu wa kusini alikuwa mgeni katika nchi yake. Ng'ambo ya daraja lami ilikwisha. Kipande cha Ndundu hadi Somanga, kama kilomita 60, kilikuwa bado hakijajengwa: mawe, mashimo, na vumbi linalofika magotini. Masika magari yalilala humo siku nzima. Mimi nilipita wakati wa kiangazi, nikajiona mwenye bahati.

Spea ilivumilia kama kilomita ishirini na tano. Haikutoa mshindo mkubwa. Ilipasuka ubavuni kwa urefu wa shibiri mbili, taratibu, kama gunia kuukuu. Ilikuwa saa sita na nusu.

Saa zilizofuata sitazieleza sana. Simu haikushika mtandao. Yalipita malori mawili kuelekea Dar es Salaam, na gari moja ndogo iliyojaa watu hadi kwenye buti ikielekea kusini. Vijana watatu wa kijiji cha jirani walikuja wakakaa nami kivulini, wakanipa madafu, hawakutaka malipo. Nilipoona kivuli cha fimbo kimezidi fimbo yenyewe nilitayamamu juu ya vumbi nikaswali Alasiri, nikijua kwamba saa hiyo Kivinje watu wanajipanga safu na jeneza liko mbele yao. Nilijaribu kukumbuka shairi lake lolote. Nilikumbuka vina, maneno yakanipotea.

Lori la saruji ndilo lililonichukua, saa kumi na moja kasoro. Gari niliwaachia wale vijana. Tulifika Nangurukuru baada ya Magharibi, nikapanda pikipiki, na nilipoingia Kivinje watu walikuwa wakitoka kuswali Isha. Mtoto wa ami alinipeleka moja kwa moja makaburini kwa kurunzi. Udongo ulikuwa bado una unyevu wa maji waliyoumwagia. Imamu wa msikiti ndiye aliyemwosha.

Nyumbani mke wa ami alikuwa amekwisha kuingia eda. Alinisemesha kutoka nyuma ya pazia.

"Umefika salama, mwanangu?"

"Nimefika, mama."

"Alhamdulillahi. Umekula?"

Hilo tu. Hakuna aliyeniuliza habari ya njiani, wala siku ile wala siku ya tatu tuliposoma hitima. Mimi ndiye niliyetaka kuulizwa.

Niliporudi Mbagala nilikwenda kwa kijana mmoja fundi pancha aliyekuwa akikaa chini ya mwarobaini karibu na Rangi Tatu, na kompresa yake na karai la maji. Nilimpelekea mabaki ya yale mawili yaliyopasuka, nadhani kwa nia ya kumtafuta wa kumlaumu. Aliyapangusa kwa kitambaa akanionyesha kitu ambacho miaka yote nilipokuwa nikisoma vitabu sikupata kukisoma. Karibu na ukingo wa rimu, ndani ya kiduara kilichobonyea, kuna namba nne. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi la Tandika liliandikwa 3801: wiki ya 38 ya mwaka 2001, yaani Septemba, majira ambayo huko kwao watu hujiandaa kwa theluji. Lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka saba. Spea ilikuwa na namba tatu tu, 177. Akaniambia matairi ya kabla ya mwaka 2000 yaliandikwa hivyo, wiki na tarakimu moja ya mwaka, na kwa hiyo hayasemi muongo. Tairi la 1987 na la 1997 huandikwa sawa. Tukaangalia karatasi za gari. Wiki ya 17 ya mwaka 1997. Lilikuja na gari tangu kiwandani, likalala butini karibu miaka kumi na miwili, Japani, melini, Mbagala, bila kuzunguka hata mara moja.

"Mzee," alisema yule kijana, "tairi linazeeka hata likilala."

Akanionyesha pia herufi Q baada ya namba za ukubwa. Tairi la 82Q, alisema, hubeba kilo 475 na mwendo wake wa mwisho ni kilomita 160 kwa saa. Yale ya kawaida ya gari kama yangu huwa S au T, kilomita 180 au 190. Q ukiiona katika tairi la gari ndogo, jiulize kama si la theluji. Na mengine yana picha ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Nilimwuliza amejifunzia wapi. Alisema kwa matairi.

Katika mwaka huo huo wa 2009 kiwanda cha General Tyre cha Arusha, kilichokuwa kikitengeneza matairi tangu miaka ya 1970, kilisimama. Nakumbuka ami akijivunia kwamba tairi la baiskeli ni la mgeni lakini la lori ni la Arusha. Sitaki kufanya siasa hapa. Naandika tu kwamba tangu hapo mtu wa Temeke na mtu wa Kinondoni, mwenye nacho na asiye nacho, wote wananunua tairi lililoagizwa kwa ajili yao au lililotupwa na wengine, na kwa macho ya juu juu yote mawili ni meusi na yote yana kashata. Yale matatu yaliyobaki niliyavua siku ile ile. Nilimpa mshona viatu wa Tandika, anayekata makatambuga ya matairi, akalikunja moja, akaona chanjo zinafunguka kama kurasa, akanirudishia. Hata kiatu halifai, alisema, litakatika.

Siku hizi nikienda kununua tairi, iwe Mbagala au ng'ambo ya mji Mwenge, huinama na taa ya simu nikatafuta kiduara. Wauzaji hunicheka. Mmoja aliniambia nasoma tairi kama asomaye jina la kaburi, hakujua alichokisema. Kila mwezi wa Ramadhani unapoandama hulitoa gurudumu la akiba, nikalifunga mahali pa mojawapo ya yale manne, nalo nikaliingiza butini kupumzika. Jirani yangu, ambaye ni mhasibu, haoni faida ya jasho hilo.

Kipande cha Ndundu hadi Somanga kilikuja kutiwa lami, na safari ikawa fupi, ingawa Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya ziliikata njia hiyo tena upande wa Somanga na magari yakalala kama zamani. Ile Corolla niliifuata siku ya nne baada ya maziko. Wale vijana walikuwa wameilinda, na mmoja alikuwa akilala ndani yake. Rimu ya spea ilikuwa imepinda kwa sababu nililisogeza gari juu yake kutoka katikati ya njia. Mtoto wa ami aliniomba, akaliondoa lile tairi, akakata mpira wake ndoo ya kuvutia maji kisimani, na rimu akaipeleka shule ya msingi, ambako kengele yao ilikuwa imeibwa. Waliitundika kwenye mwembe kwa mnyororo. Mara ya mwisho nilipokwenda kuzuru ilikuwa bado inaning'inia, imeota kutu upande mmoja, na mtoto mwenye zamu akaigonga kwa bolti saa moja na nusu, mlio wake ukasikika hadi makaburini.